Fundi Aliyesifiwa kwa Kuua Mashine

Kabla ya kuigusa mashine yoyote, Fundi aliinusa. Aliinama juu ya redio, akafunga macho, akavuta hewa polepole mara mbili. Nilipomwona akifanya hivyo mara ya kwanza nilicheka moyoni, kwa maana nilikuwa kijana wa serikali na nilivaa viatu vya kung'aa. Aliinua uso akasema ndani ya redio ile kulikuwa na mende aliyeungua, na kwamba mwenye redio alikuwa ameiweka jikoni. Mwenye redio, mwalimu mmoja kutoka kijiji cha Kingerikiti, alikataa katakata. Fundi akafungua parafujo nne, akamwonyesha mende.

Sitamtaja jina. Nilikwisha kuliandika mara moja kwenye karatasi ya serikali, na mara ile moja ilitosha. Hata hivyo pale Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, hakuna aliyelitumia. Palikuwa na fundi mitumbwi, fundi cherehani na fundi nyumba, kila mmoja na kazi yake imemfuata nyuma. Yeye alikuwa Fundi, basi, kama mimi nilivyokuwa Bwana Habari. Nilitoka upande wa Tanga, nikapangiwa Mbinga kuwa msaidizi wa habari katika miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Kazi yangu ilikuwa kutangaza mikutano, kuitunza mashine ya sauti iliyofungwa kwenye Landrova ya ofisi, na baada ya kila safari kuandika taarifa. Taarifa zangu zilisifiwa kwa sababu zilikuwa na mpangilio: saa, mahali, nani, nini. Naandika na hii kwa mpangilio uleule, ingawa mpangilio ndio ulionifanya niaminiwe siku ambayo sikustahili.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, upande wa chini wa misheni, chenye dirisha lililotazama ziwa. Umeme haukuwepo. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya alikipasha kwenye jiko la mkaa, akakipima joto kwa kukisogeza karibu na shavu bila kugusa. Bisibisi zake ndogo alikuwa amezichonga kutokana na spoku za baiskeli, na waya uliochubuka aliufunga kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli hiyohiyo, nadhani. Kila parafujo iliyotoka aliiweka kwenye kisahani cha chai kwa kufuata mahali ilipotoka. Mkewe alikuwa na visahani sita na vikombe sita, lakini wageni walinywa chai bila visahani.

Hakuanza na mashine, alianza na mwenye mashine. Alimkalisha kwenye kigoda na kumhoji: ilianza lini, ilikuwa imewekwa wapi, nani aliishika mwisho, mlikuwa mnafanya nini iliponyamaza. Watu wazima walikasirika kuhojiwa namna ile. Yeye hakujali. Alisema redio haina sababu ya kumdanganya, ila mwenyewe anayo. Mtu mmoja kutoka kijiji cha Kihagara aliapa kwamba redio yake ilinyamaza yenyewe ikiwa mezani. Fundi alimrudishia, akamwambia arudi atakapokumbuka vizuri. Yule mtu alikaa juma zima, kisha akarudi amenywea, akakiri kwamba alimtupia shemeji yake. Sote tulingoja Fundi amseme. Aliuliza jambo moja tu.

"Ilimpata kwa upande gani?"

Alitaka kujua pa kuanzia kufungua.

Tena mashine ikishapona hakuitoa siku hiyo. Alikaa nayo siku tatu ikiimba dirishani, asubuhi mpaka jioni, ndipo aseme imepona. Watu walilalamika. Wanawake pale kisimani walikuwa wakisema redio yetu imekwenda kutembea kwa Fundi, ikichoka itarudi. Mkewe, aliyeuza usipa, dagaa wa ziwani, na kuwa na ulimi wa kukata mkaa, alisema mumewe hana haja ya kununua redio maana za wenzake zote ni zake. Na kweli hakuwa na redio yake. Lakini ukimwuliza habari za dunia baada ya siku tatu za taarifa ya habari dirishani kwake, hakujua hata moja. Alisema yeye hasikilizi maneno, anasikiliza mashine.

Kwa ujumla hakupenda kelele. Alizungumza chini hadi ukalazimika kumsogelea, na akasema mwenye neno hana haja ya kupaza sauti. Ila Jumapili, kanisani, aliimba kwa nguvu kuliko wote, nje kabisa ya wimbo, na katika miaka minne niliyomfahamu hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kuna jambo lingine la kinyume ambalo ni lazima niliweke wazi. Fundi alitaka kuhama. Majirani zake wengi hawakutaka: walikuwa na mihogo yao mlimani, na makaburi ya wazee wao kando ya nyumba, na walikuwa wanaambiwa waende kukaa kwa mistari kwenye kijiji kipya upande wa Kihagara. Walibishana naye. Yeye alikuwa amekwisha kwenda mwenyewe kuhesabu hatua za kiwanja anachokitaka, karibu na barabara, na alisema akikaa na kaya mia atakuwa na redio za kaya mia. Nilimsikia akisema hivyo zaidi ya mara moja, mbele ya watu. Niliyaandika hata kwenye daftari langu dogo. Kwenye taarifa, yalikohitajika, sikuyaandika.

Sasa nije kwenye amplifaya.

Mashine yetu ya kukuzia sauti ililetwa ikiwa mpya, ndogo kama sanduku la viatu, inatumia betri ya gari, na ilikuja na spika mbili za umbo la tarumbeta za kufunga juu ya gari. Niliipenda kupita kiasi. Niliifuta vumbi kila jioni. Na kwa kuwa niliipenda, nilitaka isikike mbali kuliko ya wilaya nyingine yoyote. Kwenye stoo ya ofisi palikuwa na spika mbili za aina hiyo zilizotolewa kwenye gari bovu. Nilizichukua. Sikujaza fomu, kwa sababu mtunza stoo angeuliza za nini na angekataa. Tukifika karibu na ziwa, mimi na dereva tulisimama, tukazifunga juu ya gari kando ya zile mbili, nikasokota waya zake pamoja na waya za zile nyingine. Baada ya mkutano nilizifungua na kuzifunika kwa blanketi, gari lisije likaingia uani zikaonekana. Dereva aliamini ni utaratibu wa kuzuia wizi. Sikumwambia vinginevyo.

Mkutano wa kwanza wa spika nne ulinipa sifa. Mkubwa wetu, niliyemwita Ndugu Katibu kama wote, alikuja na gari lake akakuta kila kitu tayari. Yeye hakuwa mtu wa kuhesabu spika. Alifurahi tu kwamba waliokuwa ziwani kwenye mitumbwi walimsikia, na waliokuwa juu kwenye mihogo walimsikia. Alinishika bega mbele ya wafanyakazi wenzangu akasema huyu ndiye kijana anayeijua kazi yake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Sijui kama mtu aliyezeeka anaweza kueleza vizuri bega lile lilivyokuwa.

Mkutano wa pili mashine ilizimika. Ndugu Katibu alikuwa na desturi ya kuanza chini, kwa salamu na habari za zahanati na maji, kisha kupanda kidogo kidogo hadi afike kwenye kuhama, na hapo alitumia sauti yake yote. Alipofika hapo spika zikanyamaza. Mdomo wake uliendelea kufunguka na kufumba. Taa ya mashine ilikuwa imezimika, na boksi lake lilikuwa la moto. Baada ya muda wa kama robo saa iliwaka yenyewe, akaendelea na salamu mpya, akapanda tena, akafika kwenye kuhama, ikazimika.

Nilimpelekea Fundi mashine, betri ya akiba na spika mbili. Mbili zile halali. Alinusa. Alinikalisha kwenye kigoda, mimi niliyekuwa nimewacheka wengine. Nilijibu yote vizuri. Alikuta nati ya waya unaoshika kwenye bodi ya gari imepata kutu, akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, akaniambia waya ule ukilegea mashine haipati nguvu ya kutosha. Akaiweka siku tatu dirishani, ikaimba. Nikairudisha, tukafunga spika nne, ikafa palepale kwenye kuhama.

Mara ya pili alikuta waya wa spika umechubuka pale ulipogusa chuma cha juu ya gari. Aliufunga kwa mpira wa baiskeli. Siku tatu ikaimba, mkutanoni ikafa. Kufikia hapo watu walikuwa wameshaujua mtindo. Ndugu Katibu alipoanza kupanda, mzee mmoja kati ya waliokaa chini alisema taratibu, "Sasa hivi," na ilipokatika wanawake walijifunika khanga nyuso, mabega yakatikisika. Mwingine akasema hata mashine imegoma kuhama. Neno lile lilitangulia mbele yetu. Kila tulikokwenda tulilikuta limefika.

Mara ya tatu Fundi hakuifungua mashine. Aliiweka mezani, akaitazama muda mrefu, kisha akanieleza kwa sauti yake ya chini. Alisema mashine ile haina ubovu. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi, ili isiungue. Inajizima yenyewe ikiona inakufa, ikipoa inarudi. Kwake haipati joto hilo hata ikipiga kutwa. Kwa hiyo huko tunakoipeleka kuna kitu kinachoichosha.

"Kwangu inaimba, kwenu inakufa," alisema. "Bwana Habari, huko mnaiongezea nini ambacho hapa hakipo?"

Nilimwambia hakuna.

Alinitazama kama alivyomtazama yule mtu wa Kihagara. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona akimfanyia mtu mwingine: hakunirudishia mashine akaniambia niende nikakumbuke. Aliniamini. Nafikiri aliniamini kwa sababu nilikuwa naandika. Alikuwa na heshima kubwa kwa mtu anayeandika saa na dakika. Alisema basi mkutano ujao atakuja mwenyewe akaione mashine ikifanya kazi, na Ndugu Katibu, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia, alikuwa ameshaagiza hivyohivyo.

Mkutano huo ulikuwa kwenye uwanja wa kijiji kipya, mahali palepale Fundi alipohesabia hatua zake. Alikuja kwa miguu, amevaa shati jeupe la kanisani. Aliinua shingo akaona spika nne. Alifuata waya kwa macho kutoka juu hadi kwenye mashine, akaona nilivyozisokota, kisha akanisogelea.

"Ziondoe hizi mbili."

Nilimjibu kwamba Ndugu Katibu ameshapanda jukwaani. Akaniambia mashine ina nguvu ya kuzibeba mbili, nikiipa nne inavutwa hadi inachemka, na mtu akiongeza sauti ndiyo inachemka upesi zaidi. Ndiyo maana inafia kwenye kuhama. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nilisema nitaziondoa baada ya mkutano. Kilichonizuia hakikuwa muda. Kuziondoa kungetaka nipande juu ya gari mbele ya watu wote, nizifungue, na mtu aulize zimetoka wapi.

Akaketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mashine ikiwa karibu na goti lake. Ndugu Katibu akaanza na salamu. Akapanda. Fundi aliigusa mashine kwa kiganja, akakiondoa haraka, akanitazama, akageuka akashika kitufe cha sauti na kukipunguza kidogo. Alikuwa anaiokoa. Ndugu Katibu akahisi sauti imeshuka, akageuka, na akamwona Fundi na vidole vyake kwenye kitufe. Wakati uleule joto likafikia kiwango chake, mashine ikakata.

Hakuna aliyecheka safari hiyo, kwa sababu ya uso wa Ndugu Katibu. Alishuka akaja hadi kwenye gari akauliza huyu alikuwa anafanya nini. Fundi alisimama. Hakujitetea, hakueleza habari ya spika, hakunyoosha kidole juu ya gari. Nadhani aliona kwamba palikuwa na mtu mwenye kazi hiyo.

"Muulize Bwana Habari," alisema. "Yeye anajua."

Ndugu Katibu akanigeukia.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapunguza sauti," nilisema.

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Nimeishi miaka mingi na sentensi ile na bado siwezi kulipata neno lenye uongo ndani yake. Ndugu Katibu akauliza nani alimwambia apunguze, nikasema hakuna aliyemwambia. Hilo nalo lilikuwa kweli. Watu wa Ndugu Katibu wakampakia kwenye gari lingine na shati lake jeupe, wakampeleka Mbinga.

Siku iliyofuata niliagizwa kuandika taarifa. Niliandika saa ya mkutano kuanza, idadi ya mikutano iliyokatika, mara ngapi mashine ilipelekwa kwa fundi huyo, na kwamba kila ilipotoka kwake iliharibika. Niliandika jina lake lote. Niliandika kwamba nilimwona kwa macho yangu ameshika kitufe. Taarifa ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, haikuwa na kosa hata moja la herufi, na spika hazikuwamo. Nilizirudisha stoo siku hiyohiyo wakati wa chakula cha mchana. Baada ya hapo mashine haikuzimika tena, na ofisini wakasema, mnaona, tangu akamatwe.

Alikaa mahabusu majuma sita. Katika juma la pili mkewe alipanda kutoka ziwani na kikapu kichwani, akaja ofisini kwangu. Alikuwa ametoka kumpelekea ugali wa muhogo na samaki wa mbasa. Nilimpa kiti, hakukaa. Yule mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu sokoni alisimama mbele ya meza yangu akizungusha pindo la khanga kidoleni.

"Baba watoto kanituma," alisema. "Kasema nikwambie wewe unajua. Hayo tu. Mimi sijui unajua nini, mwanangu, ila unajua kuandika. Mwandikie."

Nilimwambia nitaandika. Nilimpa sukari na mche wa sabuni vilivyokuwa kwenye kabati langu. Alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kunishukuru. Alipotoka nilichukua karatasi, nikaandika tarehe na mahali, nikaacha nafasi ya anwani. Kisha aliingia mtu kuuliza picha za mkutano, na nikaiweka karatasi kwenye jalada. Sitasema nilisahau. Kila asubuhi nilipofungua jalada lile nilijua iko wapi.

Aliachiwa bila kufunguliwa shtaka. Kabla mwaka haujaisha niliomba uhamisho, nikapewa. Nilisema sababu ni afya.

Nimeyapima mambo haya kwa njia nyingi. Nimejaribu kusema nilikuwa kijana, kwamba kila mtu aliogopa, kwamba wengine walifanya makubwa zaidi miaka ile na wanalala usingizi. Hakuna hata moja linalosimama. Sikuwa na hofu ya kufungwa. Hasara yangu kubwa ingekuwa karipio la mtunza stoo na mkono wa Ndugu Katibu kuondoka begani.

Nilirudi Liuli nilipostaafu. Hakuna aliyenialika na sikuwa na shughuli nyingine huko. Nilifika asubuhi, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba kwenye kijiji kipya, ambacho sasa kilikuwa kimezeeka. Fundi alikuwa amekaa kibarazani, macho yameingia ukungu, anazibua tundu la karabai kwa sindano. Karabai nyingine nne zilikuwa kando yake, za wavuvi wa usipa. Hapakuwa na redio hata moja.

"Shikamoo, Fundi."

Alinitambua kwa sauti. "Marahaba, Bwana Habari. Na wewe umezeeka."

Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia stoo hadi jalada. Hakunikatiza. Nilipomaliza alipuliza tundu la karabai, akalitazama kwenye mwanga.

"Hayo nayajua yote, isipokuwa la karatasi," alisema. "Wewe unafikiri kilichoniuma ni mahabusu?"

Akanieleza kilichomuuma. Alipotoka Mbinga watu walimpokea kwa ngoma. Kwao alikuwa mwanaume aliyemnyamazisha mkubwa wa serikali mara nne kwa kidole kimoja. Alikana, wakacheka. Alieleza habari ya spika na joto, wakasema ni busara yake, anajilinda. Kila harusi walimsimamisha wamwonyeshe kwa vijana. Alisema kwa sababu yangu amekula kuku wengi sana. Lakini redio hazikuja tena. Mwanzoni waliogopa kuonekana mlangoni kwake, na woga ulipokwisha zilikuwa zimebaki sifa.

"Mtu hakuletei mashine yake ikiwa unasifiwa kwa kuua mashine," alisema. "Mimi sijaua hata moja, bwana. Hata moja."

Nilimwomba msamaha. Alisema msamaha hauna shida, ni kitu cha dakika moja, lakini kuna jambo angetaka. Muda si mrefu wavuvi watakuja kuchukua karabai zao, pamoja na mzee anayeshona nyavu nyumba ya pili, ambaye ndiye msimulizi mkuu wa habari ile. Niwaambie mimi, kwa kuwa nilikuwepo. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, lakini niliona ameacha sindano na mikono yake haina kazi.

Walikuja watano. Niliwaamkia, nikajieleza nilikuwa nani, nikawaambia Fundi hakuizima mashine. Iliyoizima ni mikono yangu, kwa spika mbili nilizoziongeza kwa siri. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mshona nyavu alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mgeni akijaribu kusema Kinyasa.

"Pole na safari, baba. Huyu ametutumia watu kabla yako. Alimtuma shemeji yake, akamtuma mwalimu. Mtu mkubwa hajisifu, sisi tumeshamzoea."

"Sikutumwa," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wa habari. Nilisimama pale pale."

"Ulisimama pale?"

"Ndiyo."

"Basi uliuona mkono wake kwenye mashine."

Nilisema alikishika kitufe ili kuiokoa, isiungue. Mzee akarudia swali lake kwa upole, mkono uliuona au hukuuona.

"Niliuona," nilisema.

Akawageukia wavuvi. Akawaambia mmesikia wenyewe, huyu alikuwa mtu wa serikali, hana sababu ya kutudanganya, na mkono aliuona. Wakamtazama Fundi kwa heshima mpya. Mmoja aliyekuwa kijana kuliko wote aliinuka akaenda kumshika mkono, na Fundi akauacha mkono wake ushikwe, uso wake umegeukia upande wa ziwa.

Chakula kilikuwa tayari. Mkewe alitoka na kopo la maji na beseni. Alipiga goti mbele ya mumewe, akammiminia maji taratibu hadi akamaliza kunawa. Akaenda kwa mshona nyavu, akammiminia. Akawamiminia wavuvi mmoja mmoja, hata yule mdogo. Alipofika kwangu aliweka beseni chini, akaweka kopo ndani yake, akaingia ndani.

Nilijimiminia mwenyewe, mkono mmoja, kisha wa pili.